Nusu ya sauti ni za wanawake, mbona wasikilizaji bado wanalalamika?

Swali: Mimi ni mhariri wa habari katika redio ya jamii mkoani Njombe. Mfadhili alitutaka tuonyeshe kuwa vipindi vyetu vinawakilisha jamii yote. Tulihesabu sauti kwa wiki moja, tukapata wanawake ni asilimia 48, tukafurahi. Lakini kwenye mkutano wa wasikilizaji akina mama walisema redio haiwasemi wao, wafugaji wakasema tunawaita wavamizi, na kijana mmoja mwenye ualbino akauliza kwa nini tunamtafuta mwezi wa sita tu. Tumekosea wapi, na tufanye nini?

Jibu:

Dada mhariri, hesabu yenu huenda ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mmehesabu kitu ambacho hakijibu malalamiko ya wasikilizaji wenu. Mmehesabu makoo. Msikilizaji yeye anasikia nafasi: nani ameitwa kueleza, nani ameitwa kulia, nani amesemwa tu bila kuulizwa. Mama anayesimulia alivyofiwa kwenye ajali ya basi na mama anayeeleza kwa nini mbolea ya ruzuku imechelewa kufika kata yake ni sauti mbili za kike kwenye karatasi yenu. Hewani nafasi zao hazifanani hata kidogo.

Jambo hili limepimwa duniani kwa muda mrefu. Tangu 1995, kila baada ya miaka mitano, upo ufuatiliaji wa vyombo vya habari wa nchi nyingi kwa pamoja, unaofanywa kwa siku moja iliyochaguliwa. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaosikika, kuonekana au kuandikwa kwenye habari. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Lakini takwimu inayokuhusu wewe imo ndani zaidi. Katika duru ya 2015, kati ya watu walioelezea yaliyowapata wenyewe, wanawake walikuwa asilimia 38. Kati ya wataalamu waliohojiwa, walikuwa asilimia 19. Maana yake tunamfuata mwanamke akiwa na jeraha, na tunamfuata mwanaume tukitaka maelezo ya jeraha hilo.

Sasa tuangalie jinsi asilimia 48 inavyoweza kupatikana bila redio kubadilika chochote. Chukua habari ya kufikirika ya dakika tatu kuhusu bei ya parachichi. Mkuu wa wilaya, mwanamke, anafungua msimu kwa sekunde 35. Mwenyekiti wa chama cha ushirika, mwanaume, sekunde 40. Mnunuzi, mwanaume, 30. Afisa kilimo, mwanaume, 25. Mwishoni anaingia mama mmoja anayechambua matunda, sekunde 4: "Tunashukuru bei imepanda." Sekunde 46 zilizobaki ni za mwandishi wenu, naye ni mwanamke. Ukihesabu makoo yote sita, wanawake ni watatu: nusu kwa nusu. Ukimtoa mwandishi, wanabaki wawili kati ya watano, asilimia 40. Ukihesabu sekunde za wahojiwa badala ya vichwa, ni 39 kati ya 134, asilimia 29. Na ukimtoa mkuu wa wilaya, ambaye ungemrekodi hata angekuwa mwanaume kwa sababu cheo ndicho kilichomleta, inabaki sekunde 4 kati ya 99. Asilimia 4. Akina mama waliokuja kwenye mkutano wenu walikuwa wanaizungumzia hii ya mwisho.

Kumtoa mkuu wa wilaya ni kanuni ya lazima, hasa kwetu. Tangu Machi 2021 Rais wa nchi ni mwanamke, na kwa miaka kadhaa Spika alikuwa Dkt. Tulia Ackson, mbunge wa Mbeya Mjini wakati huo. Kila taarifa ya habari yenye sauti zao inapandisha asilimia ya wanawake bila mhariri kufanya uamuzi wowote. Siku ya uteuzi mpya wa wakuu wa wilaya takwimu zenu zitaruka au kuanguka, na ninyi hamtakuwa mmefanya jema wala baya. BBC walipoanza mpango wao wa kusawazisha sauti mwaka 2017, katika kipindi kimoja kilichoongozwa na Ros Atkins, waliweka sharti hilohilo: pima kile unachokichagua wewe. Wanawake wakapanda kutoka asilimia 39 hadi 51 kwa miezi minne, kwa sababu watayarishaji waliona kila siku matokeo ya uchaguzi wao wenyewe. Kwa hiyo tengeneza makundi matatu na usiyachanganye kamwe: watumishi wa redio, watu walioletwa na vyeo vyao, na watu mliowachagua. Hilo la tatu ndilo kipimo chenu. Hilo la kwanza lina karatasi yake, nayo iulize nani anasoma habari za uchumi, nani anauliza swali la kwanza studioni, na kama mtangazaji mwenza wa kike kazi yake ni kucheka na kuitikia.

Namna ya kuhesabu upya. Usichukue wiki moja mfululizo. Wiki moja inaweza kuangukia ziara ya waziri, msiba mkubwa au Siku ya Wanawake, ikapotosha kila kitu. Chukua Jumatatu ya wiki ya kwanza, Jumanne ya wiki ya pili, Jumatano ya wiki ya tatu, hadi Jumapili ya wiki ya saba. Watafiti wa magazeti walishaonyesha kuwa siku zilizounganishwa namna hii hutoa picha bora kuliko siku za mfululizo. Kwa kila siku sikiliza taarifa ya habari ya asubuhi na ya usiku, kipindi kimoja cha mada na kipindi cha simu: tuseme saa tatu kwa siku, saa 21 kwa jumla. Kusimamisha, kurudisha nyuma na kuandika huzidisha muda mara mbili au tatu, kwa hiyo panga saa 40 hadi 60 za kazi. Watu wawili, kwa zamu fupi; baada ya saa mbili masikio huchoka, na kosa la kwanza la masikio yaliyochoka ni kuruka sauti fupi, ambazo ndizo hasa mnazitafuta.

Kila mtu anayesikika au kusemwa apewe mstari wake. Andika kipindi na mada, jinsia, sekunde alizoongea, na mahali aliporekodiwa (ofisini, shambani, gulioni, kwa simu). Andika ametambulishwaje: jina kamili na kazi yake, jina tu, "mama mmoja", au "mke wa fulani". Kisha andika nafasi yake, na hapa ndipo pa kutulia. Nafasi ninazopendekeza ni sita: msemaji wa taasisi, mtaalamu, shuhuda, aliyepatwa na jambo, mtoa maoni wa barabarani, na anayesemwa bila kusikika. Hii ya mwisho husahaulika karibu kila mara kwa sababu mtu hana sauti ya kuhesabu. Lakini wafugaji waliokulalamikia wamejaa humo. Ukiacha safu hiyo, karatasi yako itasema wafugaji hawakuwemo kwenye habari zenu, wakati ukweli ni kwamba walikuwemo kila wiki na hawakuulizwa kitu.

Kabla ya kuanza, hao wahesabuji wawili wapewe habari 20 zilezile, kila mtu peke yake, halafu walinganishe. Wakipatana chini ya mara nane kwa kumi, msiendelee. Rudini kwenye maelezo ya nafasi. Nina hakika mtagongana kwenye neno "mtaalamu". Mhesabuji mmoja atamwandika bwana shamba kuwa mtaalamu, na mama aliyebebesha miche ya parachichi kwa miaka kumi na tano atamwandika mtoa maoni, kwa kuwa hana cheti. Hapo upendeleo unaoutafuta redioni umeshaingia kwenye kipimo chenyewe. Wekeni maana moja: mtaalamu ni yeyote anayeeleza kwa nini au kwa namna gani jambo linakwenda, akitumia ujuzi wake, awe na cheti au asiwe nacho. Halafu tazameni tena yule mama wa sekunde nne. Kwa nini alisema "tunashukuru" tu? Kwa sababu aliulizwa anajisikiaje. Angeulizwa analipwa shilingi ngapi kwa kreti, tunda la namna gani hukataliwa na lililokataliwa linauzwa kwa nani, angekuwa mtu pekee katika habari ile anayejua jibu. Nafasi ya mtu hewani huamuliwa na swali aliloulizwa kabla haijaamuliwa na mhariri anayekata sauti.

Kwenye kabila, msijaribu kuhesabu Wabena wangapi, Wahehe wangapi, Wakinga wangapi. Sensa ya nchi hii haijauliza kabila tangu 1967, na redio haina sababu ya kuanza. Mtu akiulizwa kabila lake kabla ya kurekodiwa atajiuliza mnataka kulifanyia nini, naye atakuwa na haki. Hesabuni vitu viwili vinavyosikika. Cha kwanza ni umbali: sauti ngapi zimetoka mjini na ngapi zimetoka kata ambazo gari lenu halifiki kirahisi, za ukanda wa juu wa Makete au mwambao wa Ziwa Nyasa kule Ludewa. Cha pili ni kutajwa: kabila, rangi, dini au asili ya mtu imetajwa wapi, na nani, na je, habari ingeeleweka bila kutajwa? Mkikuta kabila linatajwa kwenye mauaji, ushirikina na ugomvi wa ardhi, lakini halitajwi kwenye mavuno mazuri, shule iliyofaulu au kikundi kilichojenga zahanati, mmepata jibu ambalo asilimia yoyote ya vichwa isingewapa.

Niliendeleze hili kwa mfano wa nyanda zetu hizi. Habari nyingi za vifo huanzia kwenye taarifa ya polisi, ambayo ina mpangilio wake: jina, umri, kazi, mara nyingine kabila, makazi, chanzo cha tukio. Mwandishi mwenye haraka huinakili jinsi ilivyo, na hewani inatoka hivi: "Mkulima mmoja, Mhehe, amemuua mkewe kwa shoka kisha akajinyonga kwa kamba ya manila juu ya mwembe. Chanzo kimetajwa kuwa ni wivu wa mapenzi."

Sikiliza sentensi hizo mbili zimefanya nini. "Mhehe" haina kazi humo isipokuwa kuamsha ule usemi wa zamani kwamba watu wa Iringa hujinyonga. Msikilizaji akishalisikia kabila hatauliza tena habari za deni, ugonjwa wa akili, pombe wala kipigo kilichotangulia. Marehemu hana jina, hana umri, hana kazi. Yeye ni "mkewe". Na "wivu wa mapenzi" imempeleka marehemu kizimbani, kwa sababu wivu huashiria kwamba lipo alilolifanya, naye hayupo kujibu. Kamba, aina yake na mti ni maelezo ambayo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa wanahabari, linasema yasitangazwe, kwa kuwa maelezo ya njia ya kujiua yanaweza kumsukuma mwingine aliye kwenye hali hiyo. Mwongozo huohuo unakataza kutaja sababu moja kana kwamba imemaliza kila kitu.

Habari hiyohiyo inaweza kusomwa hivi: "Mwanamke wa miaka 31, mkulima na mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, ameuawa nyumbani kwake usiku wa kuamkia jana. Polisi wanasema mtuhumiwa ni mume wake, ambaye naye amekutwa amefariki. Jirani anasema marehemu aliwahi kulalamika kupigwa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji." Baada ya hapo mwandishi ana kazi ya kufanya: kumuuliza mtendaji alifanya nini na malalamiko yale, kuliuliza dawati la jinsia na watoto la polisi hatua zinazopaswa kufuatwa, na kumaliza kwa kutaja mahali pa kupata msaada. Kumbukeni pia kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ndiyo maana familia nyingi hukataa kuongea. Ukienda na maikrofoni siku ya msiba hutapata kitu, na usichokipata usikijaze kwa kubuni.

Kuhusu wafugaji, hapa nitasema kwa mkazo. Neno "wavamizi" lina historia katika ukanda huu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Umeme ukawa wa mgawo, bwawa la umeme la Mtera likapungua maji, na kwa miaka mingi vyombo vya habari vikarudia maelezo rahisi kwamba ng'ombe wa Wasukuma na Wamang'ati wameua mto. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwa wingi bonde la Usangu na ardhioevu yake ya Ihefu, ambako mto huo hupata maji, wengine wakapelekwa Lindi na Pwani. Lakini wataalamu wa maji waliochunguza bonde lile walionyesha kwamba maji ya kiangazi yalichukuliwa kwa sehemu kubwa na mifereji ya mashamba ya mpunga, na kwamba upungufu wa umeme wa Mtera ulihusu pia namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa. Kwa hiyo neno moja lililokuwa likisomwa kwenye habari lilikuwa limeshatoa hukumu ya swali la kisayansi ambalo jibu lake lilikuwa tofauti. Nasema hivi bila kudai kwamba mifugo haiharibu. Inaharibu, na mkulima aliyeliwa mahindi yake ana haki ya kusikika. Nasema kwamba mwandishi hakupima, alirithi neno.

Jirani zetu wa Rwanda walionyesha neno la redio linaweza kufika wapi. Redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende mwaka 1993 na 1994, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti moja. Ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya shamba la mahindi, tuseme kule Wanging'ombe, hauko huko, wala sisemi unakwenda huko. Lakini sababu ya kulichunguza neno lingali dogo ni hiyo.

Kwa vitendo: badala ya "wavamizi", andika walichofanya. "Wafugaji wenye ng'ombe wapatao 200 wameingiza mifugo kwenye mashamba ya kijiji" ni sentensi inayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Wavamizi wa Kisukuma" haiwezi. Kila habari ya mgogoro wa ardhi iwe na simu ya mfugaji aliyetajwa au kiongozi wa chama cha wafugaji, na asipopatikana iandikwe kwamba alitafutwa lini na kwa njia gani. Na mtafuteni mfugaji siku ambayo hakuna ugomvi: bei ya maziwa, chanjo, mnada wa ng'ombe. Mtu anayesikika siku ya ugomvi tu hujulikana kwa ugomvi tu.

Hilo ndilo jibu la yule kijana mwenye ualbino pia. Tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kuelimisha kuhusu ualbino, ilianza kuadhimishwa 2015, na redio zote huwatafuta wiki hiyo kwa mambo matatu: mafuta ya kujikinga na jua, kofia, na hofu ya kushambuliwa. Yote ni ya kweli na yatangazwe. Lakini yeye ana kazi, ana kodi, ana maoni juu ya barabara ya kwao. Mpigieni Septemba kuhusu mbegu. Na asipoulizwa kuhusu ualbino siku hiyo, mwandishi asiutaje. Neno "zeruzeru" lisisikike hata likitoka kinywani mwa mhojiwa. Kama sauti yake ni ya lazima, mwandishi aifupishe kwa maneno yake mwenyewe.

Watu wanaoishi na VVU wanahitaji tahadhari ya ziada, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe na Iringa ni zaidi ya asilimia 11, na vyombo vya Dar es Salaam hupenda kuufanya mkoa mzima kuwa sura ya ugonjwa. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa ichukuliwe baada ya kumweleza mtu kwamba kijiji chake kitaitambua sauti yake, kwa sababu kitaitambua hata mkificha jina.

Vichekesho na matangazo ya biashara vihesabiwe pia, kwa maana wasikilizaji huvikumbuka kuliko taarifa ya habari. Sote tunamjua yule msichana wa kazi katika maigizo: ametoka Iringa au Njombe, lafudhi nzito, anaitikia "kamwene", salamu ya huko, pasipostahili, hajui kutumia jiko la gesi. Kipimo chake ni rahisi. Toa lafudhi, soma mistari kwa Kiswahili cha kawaida. Kama bado inachekesha, utani uko kwenye tukio, urusheni. Kama haichekeshi tena, kilichokuwa kinachekwa ni watu, na watu hao ndio wanaowasikiliza ninyi. Tangazo likija limesharekodiwa hamwezi kulihariri, lakini mnaweza kulikataa au kuomba toleo lingine; liandikeni hilo kwenye mkataba wa matangazo kabla fedha haijaingia, maana baada ya hapo meneja mauzo hatakusikia.

Utani kati ya makabila ni mila yetu na sisemi mwufute. Mtani humtania mtani wake ana kwa ana, naye hujibu palepale. Redioni anayetaniwa hana nafasi ya kujibu. Mkitaka utani, wekeni wote wawili studioni.

Sasa kipindi cha simu. Jioni kati ya saa moja na saa tatu, mama yuko jikoni, anaogesha watoto, na simu mara nyingi anayo mume. Mkifungua laini saa hizo mtapata wanaume wa kijiweni walewale, na mtasema wanawake hawapendi kuchangia. Hamisheni kipindi kimoja kwa wiki kiwe kati ya saa nane na saa kumi mchana. Tangazeni namba ya kubipu, kisha ninyi ndio mpige. Wekeni laini moja ya wanawake tu kwa nusu saa ya kwanza. Wanaume watalalamika kwa wiki chache, halafu watazoea. Na nendeni na rekoda siku ya gulio, siku ya kliniki, na siku kikundi cha kuweka na kukopa kinapokutana. Dakika kumi za hapo zitawapa sauti ambazo simu haitawapa mwezi mzima.

Wengine watakuambia lugha ndiyo kikwazo, kwa kuwa leseni inataka Kiswahili au Kiingereza, na bibi wa Makete anazungumza Kikinga. Mrekodini kwa lugha yake, acheni sauti yake isikike sekunde tatu au nne, kisha mtu wa rika lake na jinsia yake asome tafsiri kamili juu yake. Msimpe mtangazaji kijana wa kiume asome maneno ya bibi, na msiyafupishe kuwa "anasema maisha ni magumu" wakati ameeleza jambo la dakika mbili.

Yote haya hayatadumu bila daftari la simu. Mwandishi akiwa na saa moja kabla ya taarifa ya habari, humpigia anayemjua, na anayemjua ni yule aliyempigia jana. Tengenezeni daftari la pamoja, liwe la redio na lisiwe la mwandishi mmoja. Chagueni mada kumi mnazozitangaza zaidi (parachichi, viazi, mbao, chai, afya ya mama, ardhi, barabara, shule, biashara ndogo, mazingira) na kila mada itafutiwe majina sita, angalau matatu ya wanawake, na angalau mawili ya watu wa nje ya makao makuu ya wilaya. Hayo ni majina 60. Kila mwandishi aongeze mawili kwa wiki. Waandishi watano watalijaza kwa wiki sita. Andikeni anachokijua mtu, lugha anazozimudu, saa nzuri ya kumpigia, na kwamba amekubali kuwemo. Msiandike kabila, dini, wala hali ya afya.

Tarajieni kukataliwa. Wanawake wengi watasema "mtafute mwenyekiti, mimi sijui kuongea". Hiyo mara nyingi si haya. Ni woga wa kusema neno litakalomletea maneno nyumbani au kikundini. Mpe maswali siku moja kabla. Mwambie ni dakika ngapi na itarushwa lini. Mrekodi mahali pake pa kazi, ambapo vitu anavyovijua viko mbele yake. Mkimwita studioni, mlipieni nauli ya kuja na kurudi siku hiyohiyo, kwa sababu afisa amekuja na gari la ofisi na yeye amekuja kwa fedha yake ya chumvi.

Kwa mfadhili, msifute ile 48. Mpelekeeni pamoja na hesabu mpya, mkieleza kwamba ya kwanza ilijumlisha watumishi na viongozi. Mpeni asilimia ya wanawake kati ya mliowachagua, kwa sekunde. Asilimia yao kati ya wataalamu. Idadi ya watu waliosemwa bila kusikika. Na mara ambazo kabila lilitajwa bila sababu. Rudieni hesabu baada ya miezi mitatu kwa siku saba za mpangilio uleule na wahesabuji walewale, na matokeo yabandikwe chumba cha habari kabla hayajaenda kwa mfadhili. Lengo la kwanza liwe dogo: kama wataalamu wanawake ni mmoja kwa kumi, tafuteni wawili kwa kumi. Kwenye mkutano ujao wa wasikilizaji, wasomeeni namba hizo akina mama, wafugaji na yule kijana, kisha muwaulize ni habari gani ya wiki iliyopita wangeieleza tofauti. Majina ya watakaojibu yaingie kwenye daftari siku hiyohiyo.